Mkandarasi Akishaondoka: Mikataba ya Ujenzi Chini ya Kilimanjaro

Reli ilichukua miaka 18 kutoka Tanga hadi Moshi. Wajerumani walianza kuijenga pwani mwaka 1893, na treni ikafika chini ya Kilimanjaro mwaka 1911. Njia yote ni kilomita 352. Katika miaka hiyo mvua zilikuwa zile zile, vilima vya Usambara havikuhama, na kazi ngumu ya mikono ilifanywa na Waafrika waliosukumwa na kodi na amri. Kilichobadilika mara kwa mara ni mkataba, na kila ulipobadilika, mwendo wa reli ulibadilika nao.

Anayetaka kujifunza namna ya kuchagua njia ya kujenga kiwanda, bwawa au mtambo hana sababu ya kuanzia Ulaya. Apande daladala mjini Moshi ashuke Kiboriloni, sokoni. Juu yake inapanda barabara ya Kikarara, Tsuduni na Kidia, ambako Wajerumani walijikita kabla mji haujahamia kwenye reli. Chini yake Mto Rau unateremka kwenda kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni. Mbele ni barabara kuu ya Himo, Same na Korogwe, inayofuata kwa mbali njia ile ile ya reli. Ndani ya eneo hilo, kwa muda wa zaidi ya karne moja, karibu kila njia ya kujenga imejaribiwa: ya ukoo, ya amri, ya kampuni binafsi, ya serikali, ya mkopo wa nje, ya ubia na ya fosi akaunti. Nimezifuatilia kwa sababu naona tunarudia makosa ambayo bei yake tumekwisha kuilipa. Tunajadili sana nani ashinde zabuni. Tunajadili kidogo mno nani atabeba hasara mambo yakienda kombo, na nani ataendesha kilichojengwa mkandarasi akishaondoka.

Kabla ya Mzungu, ujenzi mkubwa wa mlimani ulikuwa mfongo, yaani mfereji wa maji. Rebmann alipoufikia mlima mwaka 1848, na wasafiri wengine waliomfuata, walikuta maji yakitembea ubavuni mwa milima, mbali na mito, yakipita juu ya migomba na kushuka viwanjani. Ilikuwa kazi ya uhandisi hasa. Mtu mwenye jicho la kusoma mteremko alitafuta mahali pa kuyatoa maji korongoni, akafuata mstari ambao ukizidi kushuka maji yanakata udongo, na ukipungua yanatuama na kujaza tope. Baada ya ridhaa ya Mangi, yaani mtawala wa eneo, kisha tambiko na pombe ya mbege, wale watakaoyatumia maji walitoka na majembe.

Tazama kwa karibu banio lake, mahali maji yanapochepushwa mtoni. Mawe ya mtoni yanapangwa kukatiza sehemu ya mkondo, matundu yanazibwa kwa matawi, majani na vigogo vya migomba. Linavuja. Maji yanayovuja ndiyo ya jirani aliye chini, na hakuna aliyehitaji kipimo kujua kwamba jirani amepata. Mafuriko yakija, banio linasombwa, na wenye mfongo wanalijenga tena ndani ya siku chache kwa vitu vinavyookotwa pale pale. Asiyetokea siku ya kusafisha analipa faini au anakosa zamu yake. Mwenye mradi, msanifu, mjenzi na mwendeshaji walikuwa watu wale wale, kwa hiyo kasoro ya usanifu ilimrudia aliyeifanya, shambani kwake.

Sisemi kwamba ulikuwa utaratibu wa haki kwa wote. Wanawake, ambao ndio waliobeba maji ya nyumbani, walizuiwa kuukaribia mfongo na kazi zake. Ukoo wenye mfongo ungeweza kumnyima mgeni. Na ukubwa wa kazi ulikomea pale mikono ya watu wanaojuana inapokomea. Lakini mtu akichukua mfongo kama kipimo, ataona kila mkataba uliofuata umetenganisha kitu kilichokuwa kimeungana, na ataanza kuuliza bei ya kila utengano.

Utengano wa kwanza ulikuja kwa bunduki. Mwaka 1893, baada ya gavana wa Kijerumani von Schele kumshinda Mangi Meli wa Moshi, ofisa wake Kapteni Johannes alikaa Moshi ya zamani, na wamangi wakadaiwa watu wa kujenga na kubeba. Hapo aliyeamua, aliyejenga na aliyefaidika hawakuwa tena watu wa upande mmoja. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine. Majengo ya utawala yalisimama, na yalikuwa imara. Uimara wa jengo hauonyeshi kama mkataba ulikuwa wa haki, na hapa mkataba haukuwapo kabisa.

Turudi kwenye reli, kwa sababu ndiyo shule kubwa kuliko zote. Awamu ya kwanza ilikuwa ya kampuni binafsi. Wenye fedha wa Ujerumani waliunda kampuni, wakaamini kwamba mizigo ya mashamba ya Usambara italipa gharama, wakaanza kujenga mtaji ukiwa mdogo na mashamba yenyewe yakiwa bado machanga. Ilipofika 1896 reli ilikuwa Muheza, kilomita 40 hivi kutoka Tanga, na fedha zimekwisha. Kampuni ilibeba hatari mbili kwa pamoja, hatari ya ujenzi na hatari ya soko, na haikuwa na kifua cha kubeba hata moja. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikainunua reli na madeni ya ndoto yake.

Awamu ya pili ilikuwa ya serikali. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902. Kazi ilisonga, lakini taratibu, kwa kuwa kila fungu la fedha lilisubiri kibali cha bunge la Berlin.

Awamu ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi. Serikali ilibaki na umiliki na mzigo wa fedha, kampuni ya Lenz ikapewa ujenzi, na kuanzia mwaka 1905 kampuni tanzu ya kundi hilo hilo ikakodishiwa uendeshaji. Mombo, Buiko, kisha nyika ya Same, na hatimaye Moshi mwaka 1911. Kwa mara ya kwanza kwenye njia hiyo, mjenzi alikuwa na sababu ya kujali kokoto chini ya mataruma, kwa kuwa wenzake ndio watakaoendesha treni juu yake. Serikali nayo ilibeba hatari ambayo yenyewe tu ingeweza kuibeba, yaani kwamba huenda mizigo isitoshe kwa miaka kadhaa. Kila hatari ilikaa kwa aliyeweza kuimudu. Kwa upande wa hesabu za ujenzi, huo ulikuwa mpango mzuri. Kwa upande wa vibarua waliochimba tuta la reli haukuwa na nafuu yoyote, kwa sababu wao hawakuwa upande wowote wa karatasi hiyo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, Waingereza walijenga haraka reli ya kijeshi kutoka Voi hadi Kahe, ikakamilika mwaka 1916. Ilijengwa kwa ajili ya kubeba askari, na hakuna aliyeuliza kahawa ya Moshi itapita wapi baadaye. Ikaishia kuivuta mizigo ya Kilimanjaro kuelekea Mombasa, na Tanga ikabaki na bandari iliyopungukiwa shehena. Reli ya Tanga ilifikishwa Arusha mwaka 1929.

Miaka kati ya vita viwili ilileta mwenye mradi wa aina nyingine, yule anayejenga kwa fedha zake na kukaa hapo hapo. Kiwanda cha kukoboa kahawa cha Moshi kilianza mwaka 1920, na wakulima wa mlimani, kupitia chama chao cha KNPA cha mwaka 1925 na kisha ushirika wa KNCU wa mwaka 1933, walijipatia nguvu ya kukaa mezani na wenye mitambo. Mwaka 1930 A.P. Møller wa Denmark alianzisha TPC huko Arusha Chini, shamba la miwa na kiwanda chake cha sukari. Mwenye kiwanda ndiye mwenye miwa, kwa hiyo hakuweza kuagiza mtambo bila kujua atasaga nini. Jambo hilo linaonekana dogo. Miaka arobaini baadaye kulisahau kuligharimu taifa zima.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanzania ilitaka viwanda, na ilivitaka upesi. Wahandisi wazalendo walikuwa wachache mno. Njia iliyoonekana nyepesi ilikuwa kumpa mtu mmoja kila kitu: afanye upembuzi, asanifu, alete mitambo, ajenge, awashe, akabidhi funguo. Kwa nchi isiyo na wataalamu, mkataba wa namna hiyo una mantiki. Unamdai mtu mmoja, na hakuna kusukumiana lawama kati ya msanifu na mjenzi. Mtego wake ni kwamba unamtaka mwenye mradi ajue kwa usahihi anachokitaka siku ya kutia sahihi, na kwa kawaida anayeuchagua ni yule asiyejua.

Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichofunguliwa mwaka 1972, ndicho kielelezo. Klöckner ya Ujerumani Magharibi ilishirikiana na Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, shirika likiwa na asilimia 60 na Klöckner 40. Klöckner hiyo hiyo ndiyo iliyojenga na kuleta mitambo, na ndiyo iliyopewa uendeshaji. Mwanauchumi Andrew Coulson, aliyeuchambua mradi huo miaka ya 1970, alionyesha mahali pa kutazama: muuzaji wa mitambo akiwa pia mshauri na mbia, faida yake kubwa anaweza kuipata kwenye mauzo ya mitambo kabla kiwanda hakijatoa mfuko mmoja wa mbolea. Malighafi, amonia, salfa na potashi, zilitoka nje kwa meli. Kwa hiyo kiwanda kilichotazamiwa kuokoa fedha za kigeni kilizihitaji ili kipumue. Kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Hapa watu hupenda kusema tuliibiwa. Mimi nauona udhaifu mahali pengine, na naona ni muhimu tuuseme wazi: upande wetu wa meza haukuwa na mhandisi wake mwenyewe, asiye na hisa wala kamisheni, wa kuuliza maswali ya kawaida kabla ya sahihi. Ujira wa mtu huyo ungekuwa sehemu ndogo sana ya gharama ya kiwanda.

Mwaka 1968 nchi ilipata viwanda viwili vikubwa vya nguo kwa pamoja. Urafiki wa Dar es Salaam ulijengwa na Wachina, na Mwatex ya Mwanza ikajengwa kwa mitambo na wataalamu wa Kifaransa. Urafiki uliajiri watu wengi zaidi kwa mbali, mitambo yake ikiwa ya kawaida ambayo fundi angeweza kuielewa kwa kuifungua. Mwatex ilikuwa ya kisasa zaidi na ilihitaji mikono michache. Kila mkandarasi alileta kiwanda anachokijua kwao. Ukichagua mkandarasi kwanza, umekwisha kuchagua teknolojia, idadi ya ajira, na vipuri vitatoka wapi, hata kama mkataba hautaji neno juu ya hayo.

Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilikuwa na mkopo wa Benki ya Dunia na makisio ya kupendeza: jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa ziuzwe Ulaya. Jengo lilikuwa la chuma na kuta za alumini, bila upitishaji hewa wa kufaa joto la Morogoro. Hakikupita asilimia chache za uwezo wake, na kikafungwa mwaka 1990. Waliojenga walikuwa wamekwisha kulipwa zamani.

Kilimanjaro nako kulipata fungu lake. Wajapani walisaidia kituo cha kuendeleza viwanda vidogo Moshi, KIDC. Wabulgaria, miaka ya 1980, walisaidia kujenga kiwanda cha mashine za kuchongea vyuma wilayani Hai. Kilikuwa kiwanda cha kuvilisha viwanda vingine, na viwanda hivyo vingine vilikuwa vikidhoofika wakati huo huo kinajengwa. Kilikaa miaka mingi karibu kimya kabla ya jitihada za karibuni za kukifufua.

Lakini somo zito kuliko yote ya mkoa huu liko bondeni, umbali mfupi kutoka Kiboriloni. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa kati ya mwaka 1984 na 1987 kwa mkopo wa Japani. Hekta zipatazo 2,300 zilipangwa, karibu 1,100 kati ya hizo ziwe za mpunga, kwa maji ya mito ya Rau na Njoro. Kazi ilikuwa safi: mifereji ya zege, milango ya maji inayofungwa kwa gurudumu, viwanja vilivyosawazishwa. Mavuno ya mpunga wa muda mfupi yakapanda mno. Na kwa sababu yalipanda, wakulima wa juu, ambao hawakuwamo kwenye mradi, wakaanza nao kulima mpunga kwa maji yale yale kabla hayajafika kwenye banio la zege. Eneo la mpunga ndani ya mradi likasinyaa chini sana ya lile lililochorwa.

Hakuna kifungu cha mkataba wa ujenzi kilichovunjwa pale. Mkandarasi alikabidhi kilichoandikwa. Kilichokosekana ni mkataba mwingine, kati ya mradi na watu wa juu ya mto, na mwenye mradi hakuutafuta kwa kuwa fikra zote zilikuwa kwenye zege. Mfongo wa zamani haukuwa na mwanya huo. Banio lake lilivuja kwa makusudi, na makubaliano na jirani yalikuwa ndani ya ujenzi wenyewe. Baadaye mabanio mengi ya mawe mlimani yalibadilishwa kuwa ya zege kwa nia njema. Yakawa hayasombwi tena, wala hayavuji, na ugomvi wa waliokaa chini ukaongezeka.

Shuka na maji hayo hayo. Yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, yanafuata Mto Pangani hadi Hale, ambako megawati 21 zilianza mwaka 1964, halafu New Pangani Falls, megawati 68, mtambo uliokamilika mwaka 1995 kwa fedha za Norway, Finland na Sweden. Lalamiko kuu la miaka iliyofuata halikuwa juu ya mashine wala kuta. Lilikuwa maji. Ofisi ya bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991, ikapanda mlimani kuwaambia watu ambao babu zao walichimba mfongo kwamba sasa wanahitaji hati ya kutumia maji na walipie. Naelewa kwa nini mwenye turbini alihitaji uhakika. Naelewa vilevile hasira ya mwenye mfongo. Hatari ya maji ilikuwa imeachwa bila mwenyewe wakati wa kupanga, na ikatafutiwa mbebaji baada ya mtambo kusimama.

Miaka ya 1990 ilikuja na fikra kwamba serikali ijitoe. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971 kwa mkopo wa Italia, ulikabidhiwa kampuni ya KADCO mwaka 1998 kwa mkataba wa miaka 25, serikali ikiwa na hisa pamoja na wabia kutoka nje. Mategemeo yalikuwa kwamba mwendeshaji ataleta mtaji. Ukarabati mkubwa wa njia ya kurukia na jengo la abiria, uliofanywa na BAM ya Uholanzi katikati ya miaka ya 2010, uliwezekana kwa ruzuku ya serikali ya Uholanzi, na kufikia wakati huo hisa zote zilikuwa zimerudi serikalini.

TPC ilikuwa na njia nyingine. Ilitaifishwa karibu na mwaka 1980, na mwaka 2000 asilimia 75 zikauzwa kwa kampuni ya Sukari Investment yenye mizizi Mauritius, serikali ikibaki na 25. Uzalishaji ulipanda hadi ukapita tani 100,000 za sukari kwa mwaka. Tofauti ya miradi hii miwili haiko kwenye neno ubinafsishaji. Mnunuzi wa TPC alikuwa mtu wa sukari, na alipata miwa, maji na kiwanda kwa pamoja. Kila shilingi aliyoweka kwenye mtambo ilimrudia yeye.

Sasa tufike kwenye siku zetu na mikataba yake. Shirikisho la wahandisi washauri, FIDIC, lilitoa mkataba wake wa kwanza wa ujenzi, ule wa kitabu chekundu, mwaka 1957. Mwenye mradi anasanifu kupitia mhandisi wake, mkandarasi anajenga na kulipwa kwa kazi iliyopimwa. Katika kitabu cha njano mkandarasi anasanifu na kujenga. Kile cha rangi ya fedha, kilichotoka mwaka 1999, kinambebesha mkandarasi karibu hatari zote, hata hali ya udongo usiotarajiwa, kwa bei moja ya kazi nzima. Wanasiasa wa nchi nyingi hukipenda hiki cha mwisho, au mikataba ya EPC (kusanifu, kununua na kujenga kwa pamoja) inayofanana nacho, kwa kuwa kina bei moja na tarehe moja za kutangaza.

Bwawa la Julius Nyerere lilitiwa sahihi ya EPC Desemba 2018 na Arab Contractors pamoja na Elsewedy za Misri, kwa megawati 2,115, likamilike Juni 2022. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Morogoro, mkataba wa mwaka 2017 wa kusanifu na kujenga, ilianza kubeba abiria Juni 2024, miaka mingi baada ya tarehe iliyotajwa mwanzoni. Miradi yote miwili ina faida tunazoziona leo. Lakini inaonyesha kwamba bei iliyofungwa haiyafungi mafuriko, wala vibali, wala mabomba na nyaya zinazopaswa kuhamishwa. Hatari ambayo mkandarasi haimudu hurudi kwa mwenye mradi kwa mlango mwingine, mara nyingi kama muda.

Barabara inayopita Kiboriloni kuelekea Korogwe ina ushahidi mchungu zaidi. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota Nyumba ya Mungu, ulianza mwaka 2014 kwa fedha za serikali na mifuko kadhaa ya nchi za Kiarabu. Mkataba ulivunjwa njiani, kazi ikapangwa upya, na Rais alizindua maji Machi 2025. Mtoto aliyezaliwa Same mwaka mradi ulipoanza alikuwa amemaliza miaka kadhaa ya shule ya msingi akibeba ndoo. Kuvunja mkataba ni haki ya mwenye mradi, na wakati mwingine ni lazima, ila ni silaha inayomjeruhi anayeitumia: kazi iliyofanyika ipimwe upya, mabomba yaliyokwisha kununuliwa yatafutiwe mwenyewe, dhamana idaiwe benki, zabuni mpya itangazwe. Ndiyo maana namwona mtu anayepima uwezo halisi wa mzabuni, mitambo yake na kazi zilizokwisha kumjaa mkononi, kuwa anafanya kazi kubwa kuliko yule anayebishania asilimia mbili za bei.

Upande mwingine kabisa iko fosi akaunti, iliyoenea katika muongo wa 2010 chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 na kuendelea katika sheria mpya ya mwaka 2023. Halmashauri, shule au shirika linanunua vifaa lenyewe na kuwalipa mafundi. Watu wa Kiboriloni hawakuhitaji sheria kuielewa. Mwenye kiwanja anamwambia fundi, "Mangi, nifanyie ufundi tu, vifaa nanunua mwenyewe." Fundi anauliza, "Msingi hadi linta, au unanikabidhi mpaka bati?" Wanapatana kwa hatua, fedha inatoka hatua ikiisha, na saruji inalala nyumbani kwa mwenye nyumba. Kwa nyumba ya vyumba vitatu huo ni mkataba wenye akili nyingi: fundi asiye na mtaji habebeshwi bei ya nondo, na mwenye nyumba anahesabu mifuko mwenyewe jioni.

Kwa madarasa na zahanati, fosi akaunti imeokoa fedha nyingi, ingawa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimerudia kutaja usimamizi hafifu na vifaa visivyo na kumbukumbu. Kwa kiwanda, naipinga. Darasa likipinda sentimita mbili linafundishia. Msingi wa mashine inayozunguka mara elfu kwa dakika ukipinda hivyo, mashine itajivunja. Nani atamdai nani, ikiwa msimamizi, mnunuzi na mlipaji ni ofisi moja?

Moshi bado inajenga. Huko Karanga, Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii, PSSSF, wamesimamisha kiwanda kipya cha bidhaa za ngozi pembeni ya kile cha viatu cha miaka ya 1970. Ushirika na wawekezaji wanazungumzia tena kahawa ya kukaangwa hapa, parachichi, maziwa na juisi ya ndizi. Njia ninayoipendekeza kwao si kitabu cha rangi fulani. Mwenye mradi aajiri mhandisi wake kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote wa mitambo. Majengo, barabara za ndani na mifereji, ambayo wakandarasi wa Kilimanjaro wanaiweza vizuri, yatolewe kwa mkataba wa kupimwa. Mtambo wenyewe usanifiwe na kufungwa na anayeutengeneza, na sehemu ya malipo yake ibaki mkononi mpaka uzalishe kwa kiwango kilichoandikwa, ukiendeshwa na wafanyakazi watakaobaki nao, kwa malighafi ya hapa. Maji na umeme viwe na hati kabla ya jiwe la msingi, si baada yake.

Tarehe ya majaribio ifuate kalenda ya shamba. Mlimani kahawa huvunwa takriban kuanzia Julai hadi mwisho wa mwaka. Kiwanda cha kukoboa kikikabidhiwa Machi kitawashwa kitupu, kitapigiwa makofi, na miezi ya matazamio itaanza kuhesabiwa wakati hakuna gunia la kukijaribu. Ikifika Septemba kahawa yenye ganda ikaanza kukwama kwenye ungo, nusu ya muda wa kumdai mkandarasi umekwisha kupita. Kwa hiyo kifungu hicho kiandikwe kwa msimu: muda wa matazamio uanze siku kahawa ya kwanza ya msimu inapoingia mashineni, na uishe baada ya msimu mzima kupita.